Majivu, Chokaa na Moto: Je, Magongo Inaweza Kujitengenezea Gilezi?

Pwani ya Waswahili imetumia vyombo vya kung'aa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na muda wote huo vyombo hivyo vimetoka ng'ambo. Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu upande wa Zanzibar, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua vipande vya mitungi mikubwa ya samawati iliyoletwa kutoka Iraki na Ghuba kati ya karne ya 8 na ya 10. Mambrui vimepatikana vipande vya vyombo vya kijani kutoka Longquan, Uchina. Baadaye kauri nyeupe zenye maua ya buluu zikapangwa ndani ya zidaka za nyumba za mawe na kupachikwa kwenye makaburi ya nguzo. Nyingine zilitolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Nyakati hizohizo fundi wa hapa, aghalabu mwanamke, alifinyanga chungu, mtungi, mkungu na chetezo kwa udongo mtupu, akavichoma uwanjani kwa kuni na majani makavu. Havikuvaa ile ngozi ya kioo ambayo wafinyanzi wa leo huiita gilezi.

Ukiuliza kwa nini, jibu linalotolewa haraka ni kwamba hatukuwa na malighafi. Ukilipima jibu hilo kutokea Magongo, halisimami. Vitu vinavyofanya gilezi vimeizunguka Mombasa pande zote, na vingine hutupwa jaani kila jioni. Kilichokosekana ni moto mkali wa kutosha, pamoja na sababu ya kuutafuta moto huo.

Magongo inafaa sana kwa upimaji huu. Iko Changamwe, bara ya magharibi, njiani kwenda uwanja wa ndege wa Moi. Hapo kuna wachonga vinyago wa Kikamba, magereji, bohari za makontena, na mama wa chapati na maharagwe kila baada ya hatua chache. Jomvu Kuu, inayojulikana tangu zamani kwa vyungu vya wanawake wake, iko jirani. Na ardhi yenyewe ina habari ya kusimulia, kwa sababu hapa ndipo matumbawe ya kisiwani yanapokoma na miamba mingine inapoanza.

Kabla ya kuokota chochote, tujue tunatafuta nini. Gilezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya chombo kikashikamana nacho. Msingi wake ni silika, iliyojaa kwenye mchanga mweupe. Silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, nalo tanuri la mfinyanzi halifiki huko. Kwa hiyo hutiwa kiyeyushi, yaani kitu kinachoivunja nguvu silika iyeyuke mapema: chokaa, magadi, potashi, au risasi. Cha tatu ni alumina, ambayo udongo wa kufinyangia unayo tele. Hiyo huufanya ute wa kioo uwe mzito, ushike ubavuni mwa chombo badala ya kutiririka hadi sakafu ya tanuri. Rangi huja baadaye, na aghalabu ni kutu ya chuma tu kwa viwango tofauti.

Jambo la ajabu katika elimu hii ni tabia ya mchanganyiko. Chokaa haiyeyuki kwa moto wa kawaida, mchanga hauyeyuki, na udongo safi nao hauyeyuki. Ukivichanganya vitatu hivyo kwa kadiri yake, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,170. Vyombo vya Longquan tunavyovistaajabia vilitegemea tabia hiyo: mwamba uliosagwa, majivu na chokaa, pamoja na chuma kidogo kisichozidi asilimia mbili au tatu, vikachomwa kwa moto mzito wenye moshi uliogeuza chuma kuwa kijani. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho Pwani haina.

Chokaa kwanza. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe ya kale, na mababu walijua kuyachoma, kuyazimua kwa maji na kujengea. Ni mwamba uleule uliowafanya watu wa saruji waje Bamburi katika miaka ya 1950. Kwa mfinyanzi, unga wa matumbawe uliochekechwa vizuri ni kiyeyushi kizuri kwa moto wa nyuzi 1,200 na kuendelea. Ila katika moto mdogo hauna kazi: hukaa kama vumbi jeupe lisiloyeyuka, na fundi anayejaribu chokaa katika nyuzi 900 atadhani kitu chenyewe hakifai.

Matumbawe hayohayo ni adui yakiingia ndani ya udongo. Punje ndogo ikichomwa pamoja na chombo hugeuka chokaa hai. Chombo hutoka tanurini kizima, kisha wiki kadhaa baadaye punje hunywa unyevu wa hewa, huvimba na kurusha kibanzi cha ukuta. Udongo unaochotwa karibu na ufuo au kandokando ya hori una hatari hiyo, na mara nyingi una chumvi pia, inayotoka juu kama ukungu mweupe. Mtu wa Changamwe ana bahati hapa, kwa sababu chini ya miguu yake hakuna matumbawe. Kuna mashapo ya kale ya matope yaliyogeuka mwamba mwororo wa tabaka, ambao ukikaa juani na mvuani humomonyoka kuwa udongo wa kijivu na kahawia. Umebeba chuma, chokaa na chumvi za aina yake, kwa hiyo kila shimo lipimwe peke yake. Udongo wenye chuma na chokaa kwa pamoja unaweza, ukifika nyuzi 1,200, kuyeyuka wenyewe ukawa gilezi ya kahawia bila kuongezwa kitu. Wafinyanzi wa Marekani wa karne ya 19 walipaka ndani ya mitungi yao udongo wa namna hiyo kutoka Albany, New York. Ni jaribio rahisi kuliko yote, na mimi ningelianza nalo.

Ukipanda kuelekea Mazeras mambo yanabadilika tena. Mawe bapa yanayouzwa kwa jina la Mazeras hadi Nairobi kwa kutandikia nyua ni mchanga ulioshikamana, wenye kwatzi na feldispa. Feldispa ndiyo inayotafutwa na kila mfinyanzi wa moto mkali, kwani huleta silika, alumina na kiyeyushi vyote kwa mkupuo mmoja. Vumbi linalobaki pale mawe yanapokatwa limeshasagwa nusu, na kwa sasa halina bei. Feldispa safi zaidi iko kwenye miamba ya kale ya upande wa Taita. Udongo mwekundu wa Magarini, unaoonekana kwenye vilima vya nyuma ya pwani yote kaskazini, una kutu ya chuma ya kutosha kupaka gilezi rangi ya asali, na ukizidishwa hadi chuma kifike asilimia nane au kumi, rangi nyeusi inayometa.

Nimeyapitia mawe haraka kwa kuwa majivu yana mengi zaidi ya kueleza, na Magongo ina majivu ya pekee.

Jivu la kuni kwa sehemu kubwa ni chokaa, pamoja na potashi, magnesia, fosforasi na silika kidogo. Wajapani, Wakorea na Wachina walijenga elimu nzima juu yake. Kanuni iliyoenea sana, ambayo Mwingereza Bernard Leach aliisambaza kwa kitabu chake cha mwaka 1940, ni sehemu mbili za majivu, mbili za feldispa na moja ya udongo. Tatizo la majivu ni kwamba hayafanani. Mti mmoja hutofautiana na mwingine, gome na kiini, mti wa udongo wa chumvi na wa udongo mwekundu. Majivu ya jiko la mama wa chapati yamechanganyika makaa ya miti isiyojulikana, mafuta na chumvi. Ukipata rangi nzuri leo kutoka jaani, huenda usiipate tena maishani.

Wachongaji ndio wanaolitatua tatizo hilo. Ushirika wa Akamba Handicraft pale Magongo, ulioanzishwa mwaka 1963, ulitegemea mpingo na muhuhu kwa miaka mingi. Muhuhu ulipokuwa adimu, wachongaji wengi wakahamia mwarobaini, mti unaokua upesi na kupatikana mashambani mwa watu. Penye wachongaji pana marundo ya vibanzi, na fundi anajua kila rundo limetoka mti gani. Vibanzi vya mwarobaini mtupu vikichomwa juu ya bati safi, penye upepo mdogo na bila mchanga, hutoa jivu la mti mmoja linaloweza kurudiwa mwezi baada ya mwezi. Katika kazi ya gilezi, kitu kinachorudiwa kina thamani kuliko kitu kizuri kilichotokea mara moja. Jivu hilo huchekechwa, hulowekwa, na maji yake humwagwa mara moja au mbili ili potashi kali ipungue. Glavu zivaliwe, kwa kuwa maji ya majivu huchubua ngozi.

Kuna majivu mengine yenye kazi tofauti. Makapi ya mpunga, yanayopatikana Vanga na Tana, yakiungua hubakiza jivu ambalo kama asilimia 90 ni silika laini, tayari kwa kazi bila kusagwa. Makumbi na vifuu vya nazi vina potashi nyingi. Nyuma ya mikoko, kwenye mbuga za chumvi za mahori, huota mimea minene ya jamii ileile ambayo mafundi wa Iraki waliichoma kupata soda ya mitungi yao ya samawati. Hilo hunigusa kila ninapoona vipande vya Manda: kiyeyushi cha chombo kile kilikuwa kikiota hapohapo jahazi liliposhushia shehena. Mikoko yenyewe isiguswe. Inalindwa kisheria, na mazalio ya samaki yana faida kubwa kuliko jivu lolote.

Soda ya wingi, hata hivyo, tunaijua kwa njia fupi zaidi. Ni magadi yaleyale yanayolainisha maharagwe. Yanatoka Ziwa Magadi, ambako kampuni ilianzishwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi soda yake imekuwa ikishuka kwa reli hadi bandari ya Kilindini. Kwa gilezi ya moto wa chini, nyuzi 950 hadi 1,050, magadi na mchanga mweupe ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na ukitia shaba kidogo inatoka ile samawati ya Ghuba. Kasoro yake ni kuyeyuka katika maji. Ukipaka mchanganyiko mbichi, magadi husafiri na maji hadi ukingoni mwa chombo na kukusanyika huko, na katikati hubaki pakavu. Dawa yake ni kuyeyusha magadi na mchanga kwanza vikawa kioo, kukimwaga kioo hicho kikiwa moto ndani ya maji kipasuke, kisha kukisaga. Kazi ni nzito. Ndiyo maana wengine hukimbilia chupa: kioo cha chupa kina silika zaidi ya asilimia 70, soda kama 13 na chokaa kama 10, na Changamwe chupa tupu hazipungui. Kinu cha chuma kinaweza kuzisaga, mradi fundi azibe pua na mdomo, kwani vumbi la silika huua mapafu polepole. Gilezi ya chupa na udongo inang'aa vizuri, lakini soda nyingi huifanya isinyae kuliko chombo inapopoa, na uso wote hujaa nyufa za buibui. Kwa pambo si neno. Kwa bakuli la mchuzi ni kasoro, kwa sababu mafuta na uchafu huingia humo.

Kuna njia moja rahisi kuliko zote hizi, na natamani isijaribiwe kabisa. Risasi huyeyuka kwa moto mdogo, hung'aa sana, haipasuki nyufa, na malighafi yake iko ndani ya kila betri kuukuu ya gari. Miamba ya Kinangoni, Kilifi, ina risasi pia na iliwahi kuchimbwa. Dunia nzima ilitumia gilezi ya risasi kwa karne nyingi, na ikawatia sumu wafinyanzi pamoja na walaji. Watu wa upande wetu hawahitaji kuisoma habari hiyo kwenye vitabu vya Ulaya. Owino Uhuru, Mikindani, mwendo mfupi kutoka Magongo, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi kwa watoto na wazazi wao, mpaka mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake wakapigana kikafungwa. Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtu anayefikiria kutia risasi kwenye sahani za watu akiwa hapa Changamwe aende kwanza akae na akina mama wa Owino Uhuru.

Sasa tufike kwenye moto, maana kesi yote imelalia hapo. Uchomaji wa uwanjani, vyombo vikifunikwa kwa kuni, majani na vifuu, hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na hupanda na kushuka haraka. Hata gilezi laini ya magadi ingepata shida, na gilezi ya majivu isingeanza hata kulainika. Juu ya hayo, majivu na moshi vinavyogusa chombo moja kwa moja vingeharibu uso wake. Lakini ni kosa kuuona moto huo kuwa udhaifu wa wafinyanzi wetu. Chungu kilichochomwa hivyo kina vinyweleo vinavyostahimili kuwekwa juu ya mafiga matatu na kumiminiwa maji baridi, jambo ambalo kauri ngumu haiwezi. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoa jasho, na ukiupaka gilezi umeuua. Bibi zetu walilinganisha udongo, moto na matumizi kwa usahihi kamili. Magdalene Odundo, Mkenya aliyepanda hadi kilele cha sanaa hii duniani, hapaki gilezi. Husugua chombo chake kwa jiwe na udongo mlaini, akakichoma na kukichoma tena kwa moshi mpaka kimetemete.

Kwa hiyo gilezi ya kienyeji ifanye kazi ambayo mtungi na chungu havifanyi: bakuli, kikombe, sahani, chetezo cha sebuleni, kigae cha ukuta wa msikiti au hoteli. Vyote hivyo vinadai tanuri lililofungwa. Mtu wa Pwani anayetaka kulijenga asitumie matofali ya matumbawe ya kujengea nyumba, kwa kuwa yatageuka chokaa kwa joto la tanuri lenyewe nalo litabomoka. Lazima yapatikane matofali yanayostahimili moto, nayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kuni za mvinje, zinazopandwa na kuvunwa Kilifi kama zao, zinawaka kwa ndimi ndefu na zinafaa. Oili chafu ya magereji ya Magongo, ikidondoshwa polepole kwenye bati la moto huku feni ikipuliza, inafika nyuzi 1,250 bila taabu, lakini moshi wake usiposimamiwa utawaudhi majirani na kuwadhuru. Gesi ni safi na inatawalika, ila bei yake huamua mapema sahani itauzwa kwa nani.

Mtu aliyelifanyia kazi swali hili barani Afrika kwa kina zaidi ni Michael Cardew, Mwingereza aliyefika Achimota, Ghana ya sasa, mwaka 1942, akashindwa huko na mradi mkubwa wa kiwanda. Kuanzia 1951 alijenga kituo cha ufinyanzi Abuja, Nijeria. Huko alisaga miamba ya karibu, akatengeneza gilezi zake, na akafanya kazi na Ladi Kwali, fundi aliyekwisha kuwa hodari kwa mkono kabla ya kumjua yeye. Kitabu chake cha 1969, Pioneer Pottery, kimejaa hesabu za miamba na majivu. Somo ninalolichukua kutoka Achimota na Abuja ni la ukubwa wa kazi. Malighafi ya kuokotwa haivumilii kiwanda kinachotaka vigae milioni vyenye rangi moja, ila inaipa karakana ndogo uso ambao kiwanda hakiwezi kuutoa. Viwanda vya vigae kama Twyford kule Kajiado ni biashara nyingine, na kushindana navyo kwa bei ni kupoteza muda.

Hata hivyo kuna habari ya Kwale ambayo siwezi kuipita. Kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito huko na kuusafirisha kupitia gati lake la Likoni: ilmenaiti, rutili na zirikoni. Zirikoni iliyosagwa ndiyo inayoipa gilezi ya vigae na masinki duniani weupe wake mzito, na rutili hutia gilezi mistari na mawingu. Kwa miaka kumi na moja, malighafi ya gilezi iliondoka Likoni ikiwa ghafi, na sehemu ya weupe huo ikarudi kwetu bandarini imeshakuwa kigae ndani ya kontena. Sisemi Magongo ingeweza kuyatumia yale matani. Nasema kwamba magunia machache tu, yakiwekwa mikononi mwa walimu na wanafunzi wa ufinyanzi wa Pwani, yangetufundisha mengi, na inauma kwamba hayo hayakuwa sehemu ya mazungumzo ya mgodi ule. Michirizi myeusi ya ilmenaiti ingali ikionekana kwenye fukwe, hasa kaskazini ya mdomo wa Sabaki, na kiganja kimoja kinatosha kutia madoa kwenye majaribio mengi.

Majaribio yenyewe hayahitaji mashine. Unachukua vitu viwili, tuseme jivu la mwarobaini na udongo wa Changamwe. Kigae cha kwanza unakianza na sehemu kumi kwa sifuri, kisha tisa kwa moja, nane kwa mbili, mpaka sifuri kwa kumi. Vigae vidogo kumi na kimoja, kila kimoja kimeandikwa namba kwa kutu ya chuma, vyote kwenye tanuri moja. Mahali fulani kati ya ukavu na mtiririko patatokea kioo. Hapo unaongeza kitu cha tatu, vumbi la Mazeras au jivu la mpunga, na unaanza upya. Kila kitu huandikwa daftarini: shimo la udongo, mti, uzito, chekecheo, saa za moto. Vyombo vinavyopendeza hulazwa usiku kucha na kipande cha ndimu juu yake, na pale rangi inapofifia asubuhi, gilezi hiyo isiguse chakula.

Gharama ya tanuri ndiyo inayomshinda fundi mmoja, na hapo Magongo ina mfano wake tayari. Wachongaji waliungana tangu 1963 wakapata pa kuuzia na jina la pamoja, na wafinyanzi wa Jomvu pamoja na vijana wenye diploma za sanaa wasio na kazi wanaweza kushirikiana katika tanuri moja la kukodiwa kwa rafu. Uwanja wa ushirika uko kando ya barabara ya uwanja wa ndege, watalii husimama hapo kila msimu, na vibanzi vya mwarobaini viko hapohapo.